Kujichapishia Kitabu Kakamega

Tangu mwanzo wa karne ya 20, mwandishi wa Kakamega aliyetaka kusomwa amekuwa na mambo mawili ya kutatua: nani atalipia uchapaji kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, na nani atakusanya pesa nakala zikishatawanyika. Suala la kwanza limepata majibu mengi, na kila mtambo mpya umelirahisisha kidogo. La pili ni gumu hadi leo, na ndilo linaloamua kama mwandishi huru atatoa kitabu cha pili au ataishia kwenye cha kwanza.

Jibu la mwanzo kabisa lilikuwa misheni. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi, kusini mwa mji wa Kakamega wa leo, wakaanzisha kituo walichokiita cha viwanda: mashine ya kupasua mbao, ufyatuaji wa matofali, shule na hospitali. Eneo hilo sasa liko Kaunti ya Vihiga, lakini hadi 1990 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega, kwa hiyo historia yake ya vitabu haitengani na ya Kakamega. Emory Rees, aliyefika 1904 na kuhamia Maragoli, ndiye aliyeipa lugha ya Kilogooli maandishi ya kuchapwa. Alifanya kazi ya tafsiri na Joel Litu, mwalimu mzaliwa wa huko, na mtambo mdogo wa misheni ulitoa vitabu vya kusomea, nyimbo na sehemu za Injili. Biblia nzima ya Kilogooli ilitoka 1951.

Katika mpango huo mwandishi hakuwa na gharama wala mapato. Karatasi, wino na mshahara wa fundi vilitoka kwa waumini wa Marekani, na msambazaji alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini aliyebeba vitabu pamoja na chaki. Ni njia ambayo mwandishi wa leo angeitamani, isipokuwa kwa sharti lake moja: kilichochapwa ni kile tu ambacho misheni ilikihitaji. Ngano za jioni, majigambo ya koo na habari za vita vya mababu hazikuwa na nafasi kwenye mtambo ule.

Misheni ziliacha pia urithi mwingine, usioonekana lakini mzito zaidi kwa mfuko wa mwandishi. Marafiki waliandika Kilogooli. Huko Kima, Bunyore, kituo kilichokuja kuwa cha Church of God kiliandika Kinyore, na mfasiri wake mkuu alikuwa Mabel Baker. Waanglikana wa shirika la CMS walikuwa Maseno na Butere, na Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias na Mukumu. Kila kituo kilichagua lahaja ya Kiluhya iliyokizunguka na tahajia iliyomfaa mmisionari wake. Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kutafuta Kiluhya kimoja cha kuandikia, na L. L. Appleby wa CMS akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1947. Walogooli na Wabukusu hawakuridhika na lugha hiyo ya mseto wakabaki na maandishi yao. Biblia ya Kiluhya hicho sanifu ilitoka 1975. Matokeo yake kibiashara yako wazi: mtu anayeandika Kitsotso, Kiisukha au Kikabarasi ana wasomaji wachache kuliko idadi ya Waluhya inavyodokeza. Kaunti ya Kakamega pekee ilihesabiwa watu 1,867,579 mwaka 2019, lakini hakuna kitabu cha lahaja moja kinachoweza kuwategemea wote hao kama wanunuzi. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya waandishi wa huko wakimbilie Kiingereza na Kiswahili mapema sana.

Mji wenyewe ulikua kwa haraka. Makao ya wilaya, iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini, yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920. Dhahabu iligunduliwa 1931, ikavuta wachimbaji wa kizungu mamia kwa mamia na kuleta mgogoro wa ardhi uliofika hadi bunge la Uingereza. Mwaka uliofuata shule ya serikali ya Waafrika, ambayo sasa ni Kakamega School, ilianza. Kutoka shule na ofisi hizo lilizaliwa tabaka la makarani, walimu na wakalimani waliojua kutumia taipureta. Chama cha Kavirondo Kaskazini, kilichoundwa 1934 kutetea ardhi, kiliandika malalamiko yake kwa chombo hichohicho. Taipureta, karatasi ya stensili na mashine ya saiklostaili zilikuwa, kwa kweli, njia ya kwanza ya Mwafrika wa huko kutoa maandishi yake bila kumwomba mmisionari. Nakala zilikuwa hafifu, wino ulichafua vidole, lakini aliyeandika ndiye aliyeamua nini kiandikwe.

Mbele kidogo ya hapo palihitajika mtaji, na mtaji ulikuwa Nairobi. W. W. W. Awori, mwenye asili ya upande wa Busia, alitoa gazeti la Kiswahili la Radio Posta katika miaka ya 1940. Gakaara wa Wanjau naye alikuwa akichapisha vijitabu vya Kikikuyu na kuviuza mwenyewe, biashara iliyokatizwa alipowekwa kizuizini mwaka 1952. Magharibi mwa Kenya hapakutokea mtu wa kulingana naye wakati ule, na sababu ni ileile ya lugha: Kikikuyu kilikuwa na tahajia iliyokubalika na soko la pamoja, Kiluhya hakikuwa navyo.

Serikali ya kikoloni nayo iliingia mwaka 1948 kwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Ofisi hiyo ilipokea miswada, ikaihariri, ikalipia chapa na kumlipa mwandishi. Baada ya uhuru kazi hiyo ikachukuliwa na makampuni ya Nairobi. Historia mbili za Waluhya zilizoandikwa na Waluhya wenyewe zilitoka karibu kwa pamoja na kwa Kiingereza: ya John Osogo kupitia Oxford University Press mwaka 1966, na ya Gideon Were kupitia East African Publishing House mwaka 1967. Kampuni hiyo ya pili ndiyo iliyotoa tamthilia ya Francis Imbuga wa Maragoli, Betrayal in the City, mwaka 1976. Kampuni ilikufa baadaye lakini tamthilia ikaendelea kuishi kwa East African Educational Publishers, kwa sababu shule ziliihitaji.

Shule ndiyo siri ya mfumo huo wote. Sehemu kubwa mno ya mapato ya wachapishaji wa Kenya hutoka kwenye vitabu vya kiada na vile vilivyoteuliwa kutahiniwa katika fasihi. Mswada usio na dalili ya kuingia darasani haumvutii mchapishaji, hata ukiwa umeandikwa vizuri vipi. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya ya mapenzi, wa historia ya ukoo, wa mashairi au wa wasifu wa babu aliyechimba dhahabu kwenye mgodi wa Rosterman alijikuta nje ya mlango. Wengi wa waliofufua kujichapishia nchini Kenya baada ya uhuru walitoka katika kundi hilo la nje.

Anayetajwa kwanza ni David Maillu. Mwaka 1972 alianzisha Comb Books mjini Nairobi kwa ajili ya vitabu vyake mwenyewe: vidogo, vya bei nafuu, vya Kiingereza chepesi, kuhusu pombe, mishahara midogo na mapenzi ya ofisini. Unfit for Human Consumption na After 4.30 vilisomwa na makarani na makondakta ambao wahakiki waliamini hawasomi. Vyuo vikuu vilimdharau, na Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake. Comb Books ilianguka kabla ya muongo kwisha, naye akaanza tena kwa jina la Maillu Publishing House. Alithibitisha kwamba wasomaji wapo. Alithibitisha pia, bila kukusudia, kwamba kitabu kinaweza kupendwa kuliko vyote nchini na bado kikamwacha mwenye kampuni akidaiwa na kiwanda cha chapa, kwa maana kiwanda hulipwa mapema na muuzaji wa mtaani hulipa apendapo.

Tanzania ilikuwa na watu wa aina yake. Elvis Musiba alitoa baadhi ya riwaya zake za upelelezi kupitia kampuni yake ya Continental Publishers, na Ben Mtobwa akaanzisha Heko. Wote wawili waliandika Kiswahili, na nakala zao zilivuka mpaka hadi mikononi mwa wasomaji wa Kenya.

Mfano uliokuwa karibu zaidi na Kakamega, hata hivyo, ulikuwa Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi. Asenath Bole Odaga, mwandishi wa hadithi za watoto na mtafiti wa fasihi simulizi, alianzisha Lake Publishers mwaka 1982. Alikuwa tayari amechapishwa na makampuni makubwa. Hakukimbilia njia hiyo kwa kukataliwa. Alitaka vitabu vya Kijaluo vitoke, na alijua Nairobi haitavitoa. Pamoja na uchapishaji alikuwa na duka la vitabu, na hapo ndipo busara yake ilipo: alishika ncha zote mbili, chapa na mauzo. Riwaya zake za 1987, kama Between the Years na Riana, zilipita kwenye kaunta yake mwenyewe bila mtu wa kati. Katika miaka hiyohiyo mwanahistoria Gideon Were alikuwa na kampuni yake Nairobi, Gideon S. Were Press, iliyotoa kazi za kitaaluma juu ya magharibi mwa Kenya na kwingineko. Aliyechapishwa mwaka 1967 akawa mchapishaji wa wengine.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu, isiyohitaji karatasi: jukwaa la maigizo ya shule. Kakamega na jirani zake zimekuwa na nguvu kubwa katika tamasha la kitaifa la drama, na mwandishi wa mchezo hupata hadhira ya maelfu kwa gharama ya basi na mavazi. Njia hiyo ina hatari zake. Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa kuonyeshwa katika tamasha la kitaifa mpaka Mahakama Kuu ilipoagiza uonyeshwe. Kwa muda wa siku chache ukawa mchezo uliojadiliwa kuliko wowote nchini, na wengi wa waliokuwa wakiujadili hawakuwa wameona hata ukurasa mmoja.

Kompyuta iliposhuka bei, shughuli ya taipureta ilihamia kwenye saiba. Chuo kikuu kishiriki cha Western kilichoanza 2002 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka 2007, na barabara ya kwenda Webuye ikajaa vibanda vya kuchapa, fotokopi na kujalidi kwa springi. Vibanda hivyo viliwekwa kwa ajili ya tasnifu za wanafunzi, lakini havichagui. Mchungaji aliye na mahubiri yake, mzee mwenye nasaba ya ukoo na mwalimu mwenye mazoezi ya Kiswahili hufika hapohapo. Kijana wa kibanda hupanga kurasa, hutafuta picha ya jalada, na nakala 20 huondoka mchana huohuo zikiwa bado na joto la mashine. Kitabu cha namna hiyo hakina mgongo wa kuandikwa jina, hakikai vizuri rafuni, na hakisafiri mbali. Kwa mazishi, mkutano wa ukoo au darasa moja, kinatosha.

Anayetaka kitabu chenye sura ya dukani hutuma faili Nairobi, kwenye viwanda vya mitaa ya River Road, Kirinyaga Road na Eneo la Viwanda. Hapo hesabu mbili hukutana. Chapa ya ofseti huhitaji bamba kwa kila seti ya kurasa kabla ya karatasi ya kwanza kupita, kwa hiyo nakala 100 huwa ghali na nakala 1,000 hushusha bei ya kila moja. Chapa ya dijitali haina bamba. Bei ya nakala hubaki karibu ileile, ziwe 50 au 300. Kabla ya dijitali kuenea, mwandishi alilazimika kuchapa nyingi ili kupunguza gharama, kisha akaishi na maboksi chini ya kitanda kwa miaka. Sasa anaweza kuchapa kidogo, akauza, akarudi. Maboksi husafiri usiku kama parseli za basi, na asubuhi mwenyewe huyachukua ofisi ya kampuni ya mabasi mjini kwa kuonyesha kitambulisho.

Taratibu za serikali ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa. Namba ya ISBN hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa hata kwa mtu binafsi anayejichapishia; namba za Kenya huanza na 9966 na, kwa mfululizo mpya, 9914 baada ya 978. Kila umbo la kitabu, karatasi au kielektroniki, huhitaji namba yake. Sheria ya vitabu na magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala mbili kwa msajili. Hakimiliki haihitaji kununuliwa: chini ya sheria ya 2001 huanza kazi inapowekwa katika maandishi, na hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Kilichoumiza zaidi ni kodi. Mwaka 2013 vitabu viliingizwa kwenye VAT ya asilimia 16, na mchapishaji mdogo asiyesajiliwa kwa kodi hiyo hulipa kwenye bei ya chapa bila uwezo wa kuidai.

Majukwaa ya mtandaoni yalifika kwa mfuatano wa haraka. Lulu ilianza Marekani 2002. Amazon ilitoa kisomeo cha Kindle mwishoni mwa 2007 pamoja na huduma ya kujichapishia iliyokuja kuitwa KDP. Smashwords ilianza 2008. Kwa mwandishi aliyezoea kulipa kwanza, ahadi ilikuwa kubwa: kupakia faili ni bure, na kitabu cha karatasi huchapwa kimoja kimoja mnunuzi akishalipa. Swali la nani atagharamia chapa lilionekana kufutwa.

Hesabu yenyewe yafaa ifuatwe kwa karibu. Tuseme kitabu cha kielektroniki kimewekewa bei ya dola 2.99, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwa mirabaha ya asilimia 70. Kikiuzwa kwa msomaji wa Marekani, sehemu ya mwandishi ni kama dola 2.09 kabla ya ada ndogo ya kupakua. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato hayo hukatwa asilimia 30, na zinabaki kama dola 1.46. Kitabu hichohicho kikinunuliwa na mtu aliyeko Kakamega, mkato wa kodi ya Marekani haupo, lakini Kenya haimo katika orodha ya nchi za asilimia 70. Mwandishi hupata asilimia 35, yaani dola 1.05 hivi. Kisha kuna kupokea. Kwa miaka mingi waandishi wa nchi zisizofikiwa na malipo ya moja kwa moja benki walisubiri mpaka salio lifike dola 100 ndipo hundi itumwe, na benki nayo ikachukua chake na wiki zake. Mnunuzi lazima awe na kadi, na mwenye kadi Kakamega kwa kawaida ana mambo mengine ya kuitumia. Kitabu cha karatasi huchapwa ng'ambo, na nauli ya kukileta hadi Kenya huweza kupita bei yake.

Hivyo majukwaa hayo yalimfaa mwandishi mwenye wasomaji Marekani na Ulaya, hasa Waluhya wa ughaibuni wanaotafuta kumbukumbu za nyumbani, na yule anayeandika Kiingereza kwa hadhira ya dunia. Kwa mwandishi wa Butsotso au Shinyalu mwenye wasomaji walimu na majirani, yalikuwa dirisha la kuonyeshea jalada.

Uvumbuzi uliomsaidia kwa vitendo haukutoka kwenye tasnia ya vitabu. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Tangu hapo msomaji wa Malava ameweza kumlipa mwandishi wa Mumias shilingi mia chache bila benki na bila kukutana. Tangazo likiwekwa kwenye kundi la WhatsApp, namba ya simu ikaandikwa chini yake, kitabu hufika kwa matatu au kama faili ya PDF. Mwandishi hupata karibu bei yote, na hulipwa siku hiyohiyo. Udhaifu uko kwenye hiyo PDF: nakala moja ikishanunuliwa na mwanachama mkarimu wa kundi, wengine huwa hawana sababu ya kununua.

Nairobi nako yalitokea maduka yanayowapokea waandishi huru, maarufu zaidi likiwa Nuria, linalouza mtandaoni na katikati ya jiji, huku mwandishi akileta nakala na kulipwa zikiuzwa. Maduka ya miji midogo yalidhoofika zaidi pale serikali ilipoanza, mwaka 2018, kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Duka la Kakamega lililoishi kwa msimu wa Januari lilipoteza mteja wake mkubwa, na rafu ya kumwekea mwandishi wa karibu ikapungua.

Pengo hilo limezibwa na uzinduzi. Mwandishi hukodi ukumbi wa kanisa au wa shule, hualika mbunge, mwakilishi wa wadi, mwalimu wake wa zamani na wakwe, na mgeni wa heshima hununua nakala ya kwanza kwa bei ya kumpa heshima yeye mwenyewe kuliko kitabu. Wanaofuata hushindana kwa adabu. Ni harambee iliyovaa jalada, na wahakiki wa Nairobi huiona kama aibu. Lakini kwa siku moja hulipa deni la kiwanda, jambo ambalo Comb Books haikulimudu kwa miaka, na pesa hukusanywa kitabu kikiwa bado ukumbini. Nakala zinazobaki ndizo huuzwa kwa simu, moja moja, na faili hupakiwa KDP kwa ajili ya shemeji aliyeko Minnesota.